Mpera Uliovaa Stokingi

Mimi ni mpekuzi, nakubali kabla hujaniambia. Nikiingia nyumba ya mtu macho yangu yanakwenda kwa kilichofungwa, kilichofunikwa na kilichosukumwa nyuma ya kabati, na situlii mpaka nijue ni cha nini. Sasa fikiria taabu yangu. Nililelewa mtaa wa Woodley, Nairobi, katika nyumba ambayo nusu ya vitu vyake vilikaa ndani ya stokingi.

Mama yangu alikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja ya katikati ya jiji, enzi ambazo mwanamke hangekanyaga ofisini miguu mitupu. Iwe mvua, iwe jua, ilikuwa sketi, viatu vya kisigino kifupi na stokingi ya nailoni, ile inayopanda mpaka kiunoni. Na nailoni haina adabu. Unaikwaruza kidogo kwenye kona ya meza, uzi unakatika, mstari unapanda mguuni mbele ya mkubwa wako, na huna la kufanya ila kuomba rangi ya kucha upake pale juu ili usiendelee kupanda. Hayo Mama aliyazoea. Alichokataa kabisa kuzoea ni kutupa.

Stokingi ya Mama ilishushwa cheo polepole. Ilianza na kanisa. Ikipata jeraha dogo ilihamia ofisini, na likizidi ilivaliwa ndani ya sketi ndefu wakati wa baridi ya Julai. Baada ya hapo ilikatwa vipande, na hapo ndipo nilipokuwa nasogeza kigoda karibu, maana hata yeye mwenyewe hakujua kila kipande kitaishia wapi. Ile sehemu nene ya kiunoni ilikuwa kofia yangu ya kulalia nikisukwa nywele. Mguu ulikuwa wa vitunguu. Alikuwa akivinunua soko la Ngara kwa wingi, anaingiza kimoja, anapiga fundo, anaingiza kingine, fundo tena, hadi mguu mzima unaning'inia kando ya mlango wa jikoni, na mkasi umetundikwa hapo hapo kwa kamba. Ukitaka kitunguu unakata chini ya fundo, kile cha juu hakishtuki. Kwa jirani vitunguu viliota majani ndani ya kikapu. Vyetu vilikaa vikavu mpaka ukavisahau.

Upande wa vidole ulikuwa wa sabuni. Vile vipande vyembamba vya mwisho, vinavyokuponyoka ukiosha, vilikusanywa humo ndani na kufungwa kwenye mfereji wa nje. Unalowesha, unasugua, povu linatoka. Na mfereji wenyewe ulivalishwa kipande mdomoni, kwa sababu maji ya mgao yakirudi huja na kutu na mchanga wa mabomba yote ya Nairobi. Jioni nilikuwa nakifungua kile kipande na kukigeuza ndani nje nione siku hiyo tumeponea nini. Haki, kuna siku nilitamani nisingeangalia.

Ufagio ulivikwa stokingi kuvuta buibui darini. Viatu vya Baba vilimaliziwa kung'arishwa kwa kipande cha nailoni mpaka ukaona meno yako. Mito ya viti ilijazwa matambara hayo hayo, na nyanya za nyuma ya nyumba zilifungwa kwenye vijiti kwayo, kwa maana nailoni inavutika na haikati shina. Nilikuwa nauliza kila kitu. Kwa nini si kamba? Kwa nini si kitambaa? Je, ukichoma inanuka nini? Mama alikuwa ananiambia nina maswali kumshinda mkaguzi wa shule, kisha ananijibu yote, moja baada ya jingine, bila kuchoka.

Wacha niseme ukweli. Niliuliza sana habari za stokingi kwa sababu kulikuwa na habari nyingine isiyoulizwa.

Nyuma ya nyumba, karibu na mtaro wa maji ya jikoni, kulikuwa na mpera. Nilijua kutoka kwa shangazi yangu, aliyeniambia kwa sauti ya chini siku moja tukichambua mboga, kwamba kabla yangu alikuwepo mvulana. Kaka yangu. Alipenda mapera, alikuwa anaketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni akitema mbegu mtaroni. Homa ikamchukua kwa siku chache tu, kabla hajaanza shule. Mvua zilizofuata mche ukachipuka pale alipokuwa akitema. Shangazi alimaliza, akanikazia macho, akasema nisithubutu kumwuliza mama yangu. Sikuthubutu. Nyumbani hakuna aliyemtaja. Uliitwa tu "mti wa mtoto", na mimi kwa miaka nilidhani mtoto ni mimi.

Mti huo Mama aliuvalisha pia. Mapera yakianza kutunga, kila moja lilipata soksi yake ya nailoni, fundo juu, ili nzi wasitage mayai na funza wasiingie. Watu waliopita kichochoroni walisimama na kucheka. Mapera yetu yalikuwa na heshima kuliko wasichana wa siku hizi, alisema mzee mmoja jirani, na Mama akamjibu kwamba afadhali hayo yana mtu wa kuyavalisha.

Basi miaka ikaenda. Baba akafariki. Mama akastaafu, goti likaanza kumsumbua, mimi nikawa mtu mzima mwenye kazi mjini na bado naishi naye. Kisha ikafika siku ya kuambiwa kwamba nyumba ile, ambayo tulikuwa tumepanga tu, inarudi kwa wenyewe na tuna miezi michache ya kuhama. Nilikuwa nimejenga vyumba viwili Riruta, kwenye kipande alichoniachia Baba, na uani palibaki nafasi ya mti mmoja. Nikamwambia Mama asijali, pale barabara ya Ngong wauza miche wamejaa, tutanunua mpera mzuri, hata ule wa kisasa unaozaa mapema. Aliendelea kukunja nguo. Nikasema basi, tupande mbegu za huu wetu.

"Mbegu itanipa mwingine," alisema. "Mimi nataka huyu huyu."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumsikia akisema kitu kuhusu mti ule ambacho hakikuwa cha mti.

Kesho yake alivaa viatu vyake vya kutembelea akaenda kwa wauza miche. Sijui aliwasumbua kiasi gani, najua tu alirudi mchana akiwa amesomea kazi nzima. Unatafuta tawi changa lenye afya, unene wa kidole. Unalichubua gome kuzunguka kama pete, upana wa vidole viwili, unasugua ule utelezi mpaka mti mweupe ubaki mkavu. Unapafunika mahali hapo kwa udongo uliochanganywa na samadi na maranda, unafunga vizuri, unauweka na unyevu. Tawi likidhani limefikia ardhini linatoa mizizi. Ikishatosha unakata chini yake, na huo unaokwenda kuupanda si mtoto wa mti, ni mti wenyewe. Mwenye miche alikuwa akifungia karatasi ya plastiki. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku zamani, na Mama hakuwa mtu wa kutafuta magendo. Akaenda kabatini akatoa mfuko wake wa stokingi.

Alifunga matawi matatu. Mimi nilishika ngazi na kuuliza maswali. Nailoni inapitisha maji? Inapitisha. Si itakauka upesi? Itakauka, ndiyo maana utanyeshea. Kwa sababu ya kazi zangu na goti lake alitafuta njia nyingine. Juu ya kila furushi akatundika chupa ya plastiki iliyotobolewa kwa sindano, inadondosha tone moja moja. Na hakutia maji ya kawaida, alitia yale aliyoloweka maharagwe, kwa sababu alisadiki kwamba yana nguvu. Maji ya maharagwe mekundu unayajua rangi yake.

Furushi la kwanza lilikauka wikiendi tuliyokwenda mazishini. La pili siafu walilifanya nyumba, na tawi likafa. Likabaki moja, na siku za kuhama zilikuwa zinakaribia. Sasa ikawa kila asubuhi Mama anatoka na leso yake mabegani, anashikilia ukuta hadi kwenye mpera, anatia kidole kuona kama pana unyevu, na anasimama pale muda. Nilikuwa namwona kupitia dirisha la jikoni nikisubiri chai ichemke. Midomo ilikuwa inasogea. Mimi mpekuzi ninayefungua hata droo za watu, dirisha lile sikulifungua hata siku moja. Niliogopa nitakachosikia, na niliogopa zaidi ile asubuhi atakayokuta furushi la mwisho limekufa.

Jumapili mbili kabla ya kuhama, akina mama wa kanisa letu walikuja kutuombea. Ndiyo desturi, mtu hahami hivi hivi. Wanakuja na sare zao na vitambaa vyao vya kichwa, wanaimba, wanaomba, wanakunywa chai, kisha wanazunguka nyumba kwa wimbo, kuifunga kwa maombi na kuiaga. Aliyewaongoza alikuwa Mama Mwenyekiti, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kujaza uwanja, ambaye hajawahi kuonekana bila stokingi hata kwenye kuvuna viazi. Alikuwa hajafika kwetu kabla, kwa kuwa alihamia kanisa letu wakati goti la Mama lilipokuwa limeshamzuia kukaribisha watu.

Aliomba mahali pa kunawa nikamwelekeza nje. Sasa jaribu kuona alichokiona yeye. Mfereji umevaa stokingi mdomoni. Kando yake kuna mguu wa stokingi umejaa kitu kigumu chenye rangi rangi, ndiyo ile sabuni. Mlangoni kunaning'inia mguu mrefu wenye mafundo na kwenye kila fundo kuna uvimbe. Anainua macho, na kwenye mti mapera yote yamevalishwa vifuko vya rangi ya ngozi ya mtu. Na katikati ya mti, kwenye tawi, kuna furushi la udongo limefungwa ndani ya nguo ya ndani ya mwanamke, na juu yake chupa inadondosha kitu chekundu, to, to, to.

Alirudi jikoni mikono ikimdondoka maji. Mimi nilikuwa napambana na chupa mbili za chai na sinia ya mandazi. Akaniuliza kwa upole ile kitu ya kwa mti ni ya nani. Nikamwambia bila hata kugeuka kwamba ni ya Mama, huwa anaongea nayo kila asubuhi, na haitaki kuguswa. Nilikuwa nasema kweli tupu. Sikuona uso wake.

Ibada ikaanza. Ilipofika zamu yake ya kuomba, Mama Mwenyekiti aliomba kwa namna ambayo sijawahi kumsikia akiomba. Alikemea kila kilichoning'inizwa katika boma lile. Alikemea kilichofungwa, kilichofukiwa, kilichonyweshwa. Na kila alipomaliza sentensi, mama yangu, aliyekuwa kwenye kiti chake mguu umeinuliwa juu ya stuli, alijibu "Amina" kwa moyo wote, zaidi ya watu wote chumbani. Kumbe wenzake walikuwa wanamtazama kwa huruma. Mimi nilidhani wanamhurumia goti.

Wakasimama kuzunguka nyumba. Mama alibaki kitini, mimi nikabaki nikimimina chai. Nikasikia wimbo unapita chumbani, unapita chooni, unafika nyuma ya jikoni. Hapo ukasimama. Hawakuendelea na ubeti, waliurudia uleule, kwa nguvu zaidi, na katikati yake nikasikia sauti ya mkasi kugonga ukuta ukitolewa kwenye kamba yake.

Niliacha chai ikimwagika. Nilipotoka, Mama Mwenyekiti alikuwa amesimama juu ya kigoda changu, wenzake wamenyoosha mikono kuelekea kwenye mti, na alikuwa ameshakata fundo la juu na kupasua stokingi kuelekea chini. Udongo ulimwagika wote mara moja, ukamwagikia kwenye viatu vyake.

"Huo ni mche," nilisema. Sauti ilinitoka ndogo. "Mama alikuwa anaotesha mche."

Wimbo ulikatika. Pale udongo ulipokuwa, tawi lilikuwa limetoa mizizi. Myeupe, laini, mingine imekatika ikaning'inia, mingine imeshikilia matonge madogo ya samadi na inatetemeka hewani. Sikuwa nimeiona kabla, hakuna mtu aliyeiona. Tulisimama wote tukaitazama, na nakwambia ukweli, hata katika hofu yangu nilisogea karibu kuangalia, kwa kuwa sikujua mzizi unaweza kuwa mweupe hivyo.

Nyuma yangu nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Mama alikuwa amefika mlangoni bila kushikwa na mtu. Aliangalia tawi, akaangalia udongo chini, akaangalia mkasi.

"Huyo ni mtoto wangu," alisema. "Mmemtoa kabla ya siku zake."

Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Mmoja wa akina mama, mzee anayemfahamu Mama tangu Baba akiwa hai, alimnong'oneza Mama Mwenyekiti sikioni, na nikaona uso wa yule mwanamke mkubwa ukibadilika kidogo kidogo, kuanzia midomo. Nilikuwa na hasira ya kumsukuma kutoka kwenye kigoda. Lakini tayari alikuwa ameshuka mwenyewe, amepiga magoti kwenye matope ya mtaro na sare yake nyeupe, anakusanya udongo kwa viganja vyake viwili.

Akauliza anafunga na nini. Ile iliyokuwa pale ilikuwa imepasuka vibaya, na mfuko wa stokingi ulikuwa umetangulia Riruta na mzigo wa kwanza. Nilipomwambia hivyo aliketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni akavua viatu. Wenzake walielewa kabla yangu. Walitoa leso mabegani, wakasimama wakimzunguka, migongo kwake, leso zimeinuliwa kuwa ukuta, kama wanavyomfanyia mwanamke uchungu unapomshika njiani. Ndani ya ukuta huo nilisikia akihema na kuhangaika. Mlangoni, juu ya kichwa chake, kulikuwa na stokingi nzima ya vitunguu. Niliiona. Nikanyamaza.

Alitoka miguu mitupu na stokingi mkononi, mpya kabisa, bado ina joto. Mama alimwelekeza kutoka kwenye kiti tulichomletea. Lowesha udongo kwanza. Usibane. Ule mzizi mrefu ukunje kwa chini, taratibu, usiukate. Mama Mwenyekiti alitii kila neno. Wengine walikuja kushika mmoja tawi, mmoja bakuli la maji, na hakuna aliyeimba. Walipomaliza, furushi lilikuwa kubwa kuliko la mwanzo, la rangi ya kahawia iliyokolea, na fundo lake ungedhani ni la zawadi. Chai walikunywa ikiwa imepoa, wakaenda bila mbwembwe. Nilimtazama Mama Mwenyekiti akipita kichochoroni na miguu yake mitupu mpaka akakunja kona.

Siku ya kuhama tulikata tawi chini ya furushi, tukalipanda kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini, nikalibeba mapajani hadi Riruta. Wiki iliyofuata jani moja lilianguka. Kisha mengine. Mwishowe kikabaki kijiti kitupu kilichosimama ndooni, na Mama akaacha kutoka nje asubuhi. Alikuwa anakunywa chai yake ameupa ua mgongo. Nilimwambia akwaruze gome kwa ukucha, chini yake kukiwa kijani mti bado uko hai, na kukiwa kahawia tujue moja. Akasema si leo. Siku iliyofuata akasema si leo. Nami, ambaye nimekwaruza kila kitu katika dunia hii, sikuweza kuunyooshea ule mti kidole.

Mama Mwenyekiti alikuja Jumamosi, bila sare, amebeba mfuko mkubwa. Ndani yake mlikuwa na stokingi za akina mama wote, zilizochanika, zimefuliwa na kukunjwa mbili mbili. Alisema waliambiana kanisani. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuhame, akauliza anadhaniwa ana miguu mingapi. Kisha mgeni akauona uani ule mti usio na jani, na kicheko kikaisha. Akavuta kigoda akakaa kando ya ndoo. Nikamweleza habari ya kukwaruza. Akamwangalia Mama.

"Nikwaruze mimi?"

"Wewe ulikwisha kumkata mara moja," Mama alimjibu. Lakini alisogea, akakaa upande wa pili wa ndoo, akashika kijiti chini kabisa ili kisitikisike. "Haya. Taratibu."

Alikwaruza kidogo sana, kwa ukucha wa kidole kidogo. Nikainama juu yao kuangalia. Chini ya lile gome kavu kulikuwa na kijani, kibichi, chenye maji.

Hakuna aliyesema asante wala haleluya. Mama hakuachia kijiti. Na Mama Mwenyekiti, aliyekuwa hajui kwamba swali hilo haliulizwi, akauliza kama anavyouliza mtu yeyote habari za mtoto wa mwenzake, "Alikuwa mtoto wa aina gani?"

Nilijua Mama atasimama aende jikoni.

"Alikuwa anaogopa kuku," alisema Mama.

Akatabasamu, akitazama ndani ya ndoo. Akasema kuku akipita kichochoroni yeye anakimbilia nyuma ya mama yake na kujifunika uso kwa sketi. Akasema alikuwa hawezi kusema mapera, anasema mapela, na alikuwa anazijua nyimbo zote za redio nusu nusu. Alikuwa na alama nyuma ya sikio, mahali pale pale ilipo yangu. Nikapeleka mkono sikioni. Mama alikuwa anaendelea, mwepesi, kana kwamba anazungumza habari za mtu aliyetumwa dukani, na sisi wawili tulikuwa tukimsikiliza.

"Na asubuhi nikienda kazi alikuwa ananikumbatia mguu, hataki niende. Na zile kucha zake. Hakuna stokingi yangu ambayo hakuichana. Nilikuwa namgombeza. Haki, kila siku nilikuwa namgombeza, nafika ofisini na mstari mpaka hapa."

Alionyesha juu ya goti, kwa mkono ule usioshika mti.

"Alipotuacha, ile niliyokuwa nimevaa ilikaa. Ikakaa, ikakaa. Nilikuwa naiangalia jioni nikivua viatu, iko nzima."